Siku moja maishani mwangu: mwongozaji wa magofu ya Gede

Saa moja na nusu asubuhi nashuka matatu stejini Gede, pwani ya Kenya, natembea hadi langoni mwa magofu ya mji wa kale wa Waswahili. Saa mbili tunafungua, kima wameshatutangulia.

Saa tatu, watoto wa shule. Msikiti Mkuu, kaburi lenye mwaka wa 1399, kisha maswali. Msichana mmoja akauliza, "Walikuwa wanapata wapi maji?" Nikasahau koo linaloniwasha. Nikawapeleka kwenye kisima kilichoongezwa kina, maana huenda maji yalizidi kushuka, na hiyo ni sababu mojawapo inayotajwa ya mji huu kuhamwa mwanzoni mwa karne ya 17.

Saa sita kasoro akaja kijana kutoka Nairobi, simu juu ya kijiti.

"Mzee, twende moja kwa moja kwa mashetani."

Sisi wa hapa hatusemi mashetani. Twasema wazee, waliokaa hapa zamani na wangali wanalinda. Ukiharibu au ukibeba kitu, watakulaani. Mimi nimekulia kijiji hiki na siyachezei maneno hayo. Naamini hofu hiyo imelinda mawe na miti hii kuliko ua wowote. Hata James Kirkman, mwanaakiolojia aliyeanza kuchimba hapa mwaka 1948, aliandika kwamba alihisi kuna anayemchungulia nyuma ya kuta.

Hilo la Kirkman kijana alilipenda. Mengine hakuyataka. Kasri lenyewe, mlango wake wa tao, ua uliozama chini ya usawa wa ardhi, vyoo vya mawe na chokaa: "Sawa, sawa, lakini walionekana wapi?" Akanitaka nitoke mbio mlangoni nikipiga mayowe. Nikakataa. Akatoa shilingi mia tano. Nikakataa. Akasema nitembee tu, ila nigeuke ghafla kama nimeguswa begani. Jua limetuwakia, mbu wa kivulini wananimaliza, na nyuma yetu wazee wawili wa Kiitaliano wanasubiri kwa adabu zamu yao.

Sijui ilikuwa saa ngapi alipochoka. Waitaliano niliwatembeza miguu ikiwaka moto, na kila kitu walikigusa kwa macho tu, Mungu awabariki.

Jioni nikaambiwa kijana alimpata muuza madafu nje ya ua, akakubali kukimbia. Mkiiona hiyo video, jueni anayepiga mayowe si mwongozaji.