Laptopu iliyokuwa inajifanya imelala

Mama mmoja ndo alinishtua. Tuko kwenye mwendokasi asubuhi, tumebanana toka Kimara, begi nimelikumbatia kifuani afu likamgusa mkono, akaniangalia, akasema "Mwanangu, humo umebeba chapati?" Watu wakacheka na mimi nikacheka, ila nilivyopapasa begi upande wake nikakuta kweli, lina moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Chapati hamna. Kuna laptopu niliyoifunga mwenyewe nyumbani saa 1 kamili ikiwa na chaji asilimia 96, nikaizipia humo nikijua imelala. Nafika Posta saa 2 na dakika 40, nafungua, feni inalia kama mashine ya kusaga, chaji 61.

Na haikuwa siku ya kwanza, ila siku za nyuma nilikuwa najisemea labda nimesahau kuifunga vizuri. Kilichokuwa kinanichanganya ni kwamba usiku haifanyi hivyo. Naifunga saa 5 usiku ikiwa haijachomekwa, naiamsha asubuhi imekula asilimia 4 au 5, imepoa kabisa. Sasa betri gani hiyo inakufa asubuhi tu?

Nikaenda kwa fundi Kariakoo. Akaishika, akaigeuza, akaniambia "Mkuu, hii betri imechoka, kubali tu," mpya shilingi 140,000 na ni ya kuagiza, nisubiri wiki mbili. Akaifungua pia akasafisha feni na kupaka ile dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa (ile chipu kuu inayofanya kazi zote), 25,000. Hapo kwenye feni simlaumu hata kidogo, maana vumbi lililotoka lilikuwa limegandamana kama sufi ya mto, na kosa ni langu mwenyewe ninayeangalia muvi nimeilaza juu ya godoro, matundu yote ya hewa yameziba. Ikirudi mezani ikawa kimya, safi. Ila kesho yake kwenye begi, chapati ileile.

Ndo nikakaa chini kuitafuta mwenyewe kabla sijatoa hiyo 140,000. Kama unatumia Windows, fungua ile skrini nyeusi ya kuandikia amri, Command Prompt (ifungue kama admini, bila hivyo baadhi zinagoma) uandike powercfg /batteryreport, itakutengenezea ripoti na kukuambia imeihifadhi wapi, unaifungua kwenye brauza. Humo kuna namba mbili tu za kuangalia: betri ilitoka kiwandani na uwezo kiasi gani, na sa hivi ikijaa inabeba kiasi gani. Yangu ilitoka na miliwatisaa 50,000 (yaani watisaa 50), sa hivi 43,100, yaani asilimia 86. Kwa betri ya miaka mitatu hiyo ni mzee anayejiweza, anaenda sokoni mwenyewe na kurudi.

Nikapiga hesabu. Asilimia 35 iliyopotea kwenye basi ni kama watisaa 15, ndani ya saa 1 na dakika 40, ambayo ni wati 9 hivi. Wati 9 jamani! Hiyo ni balbu ya LED ya sebuleni, inawaka ndani ya begi limezipiwa. Hata ningeweka betri mpya ingemaliza tu chaji palepale na joto lingekuwa lilelile, kwa sababu shida si betri, shida kuna kitu hakijalala.

Amri ya pili ni powercfg /a. Hii inakuonyesha mashine yako inajua kulala kwa aina gani. Zamani kulala kulikuwa kunaitwa S3, kila kitu kinazimwa inabaki memori peke yake inapewa umeme kidogo. Laptopu nyingi za sa hivi hazina tena S3, zina S0, skrini inazima lakini mashine yenyewe inasinzia tu kama simu, ili ikiamka iamke papo hapo na barua pepe zimeshaingia. Mambo haya yalianza na Windows 8 mwaka 2012. Kwenye karatasi ni kitu kizuri, ila kinataka kila kipande, yaani prosesa, waifai, diski, programu, vyote vikubali kutulia kwa pamoja, na we unajua chumba chenye watoto sita, mmoja akigoma kulala hakuna anayelala. Yangu ilikuwa S0, na kwenye S3 imeandika bayosi, ile programu ya ndani inayoiwasha mashine kabla ya Windows, haiikubali.

Nikajaribu powercfg /lastwake inayotakiwa kusema nani kaiamsha, ikanijibu sifuri, hakuna kitu. Nusu nikate tamaa. Iliyonifungua macho ni powercfg /sleepstudy. Hii inakuletea kila usingizi wa siku tatu zilizopita, umeanza saa ngapi, umekula chaji kiasi gani, na rangi, kijani hadi nyekundu, na ukibofya usingizi mmoja inakupa majina ya waliokuwa wanahangaika. Kuna asilimia inayoonyesha ni muda gani mashine ilikuwa imelala kwelikweli. Usiku wangu ulikuwa 97. Asubuhi ya kwenye basi, 3.

Waliotajwa ni draiva ya waifai, yaani programu inayoiendesha waifai, na apdeti. Lakini mbona usiku hawasumbui? Nikaziangalia zile nyekundu moja moja na nikaona kitu ambacho ningekiona mapema kama ningekuwa na akili: zote zimeanza laptopu ikiwa kwenye chaja. Asubuhi mi huwa nafunga kifuniko kwanza, ndo nachomoa chaja, ndo natumbukiza begini. Usiku nachomoa kwanza. Yaani yangu ikifungwa ikiwa na umeme wa ukutani inajiona tajiri, inaanza kushusha apdeti, halafu nikichomoa inaendelea na maisha yaleyale ya kitajiri gizani.

Nikapima. Siku mbili nimechomoa chaja kwanza, nikasubiri kidogo, nikafunga: natoka na 96 nafika na 94, begi baridi. Siku ya tatu nikarudia ujinga wangu makusudi, na kufika Ubungo tu lilikuwa limeshaanza kuchemka.

Sasa mi najijua, asubuhi nachelewa, hiyo ya kuchomoa kwanza nitaisahau. Nikaamua nikifunga kifuniko iende haibaneti, yaani inaandika kila kilichoko kwenye memori kwenye diski halafu inazima kabisa. Kama kwako haipo kwenye orodha ya powercfg /a iwashe kwa powercfg /hibernate on, itachukua nafasi kwenye diski, kwangu yenye memori ya GB 16 imechukua GB 6 na kitu. Kisha kwenye mipangilio ya umeme kuna sehemu ya kuchagua kufunga kifuniko kufanye nini, na hapa sikiliza vizuri kwa sababu mi nilikosea: kuna safu mbili, ya betri na ya chaja. Nilibadilisha ya betri peke yake, kesho yake chapati tena! Si nafunga ikiwa bado imechomekwa, kwa hiyo inafuata safu ya chaja. Badilisha zote mbili.

Kuamka inachukua sekunde kama 15 badala ya 2, navumilia. Draiva ya waifai nayo nimeweka mpya kutoka kwa waliotengeneza laptopu yenyewe.

Kitu ambacho nakuomba usikiguse kama hujui unachofanya ni ile mbinu ya kuingia rejista, daftari la ndani la mipangilio ya Windows, na kuweka PlatformAoAcOverride iwe 0 ili S3 irudi. Niliijaribu. Kwa kuwa bayosi yangu haina S3, haikurudi, na ile S0 nayo ikapotea, nikabaki na laptopu isiyojua kulala kabisa hadi nilipoufuta ule mstari niliouweka na kuwasha upya. Ukiona powercfg /a inasema bayosi ndo imekataa, hiyo safari ishia hapo.

Leo nimetoka na 96, nimefika na 96. Na fundi kanipigia jana jioni, "Mkuu, betri yako imefika." Nimemwambia kaka, mwuzie mwingine, ila nitapita unipakie ile dawa kwenye laptopu ya dada.