Siku niliyobaki nyumbani

Akina mama wenzangu wa WAWATA, umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania, wamerudi kutoka hija Bagamoyo, nyuso zinang'aa. Walisali kwenye msalaba wa pale ufukweni, walipotua Wamisionari wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, wakaimba njia nzima hadi huku Morogoro. Nimefurahi sana kwa ajili yao. Mmoja akanishika mkono: "Pole mama, umekosa baraka." Alisema kwa upendo, najua. Lakini neno lile sijalimeza mpaka leo, maana siku hiyo nilikuwa nyumbani kwangu na baraka sikuikosa.

Mama mkwe anaishi nasi tangu alipopata kiharusi. Mkono wake wa kulia umekunjamana, vidole vimejifunga. Ndio mkono aliokuwa akilia chakula maisha yake yote, na tangu augue anaona aibu kuutoa mbele za watu. Jioni ile ugali ulikuwa umeshapakuliwa, na kitinda mimba wetu, wa darasa la pili, akapita kutunawisha. Akaanza na bibi yake, kama desturi. Bibi akatoa mkono wa kushoto peke yake, ule mwingine ukabaki ndani ya kanga.

Mtoto akaweka jagi chini. Akapiga magoti, akautoa mkono ule kwenye kanga, akaanza kuufungua kidole kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayefungua fundo la uzi asitake uzi ukatike. Akamimina maji ya uvuguvugu kwenye kiganja chake mwenyewe kwanza, kuyapima, ndipo akayapitisha katikati ya vidole vya bibi. Akaufuta mkono kwa taulo iliyokuwa begani kwake. "Haya bibi, sasa yote miwili safi."

Hakuna aliyemfundisha. Bibi hakusema neno, alijifuta machozi kwa ncha ya kanga, nasi tukakaa kimya ugali ukipoa.

Kila Alhamisi Kuu namwona padre akivua kasula, vazi lake la juu la misa, akijifunga kitambaa na kuinama kuosha miguu ya waumini. Katika ibada zote za mwaka, hiyo ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Jioni ile niliiona kwenye sakafu yangu ya saruji, na aliyeiadhimisha ana pengo la meno mawili ya mbele.

Tangu hapo nimekuwa nikiifikiria Nazareti. Luka anatuonyesha Yesu hekaluni akiwa na miaka 12, kisha anarudi na wazazi wake kijijini, na hapo habari zinakatika. Anapotokea tena ana umri wa miaka kama 30. Hebu pima hapo: Mwana wa Mungu, aliyekuja kuukomboa ulimwengu, sehemu kubwa kabisa ya maisha yake aliishi nyumbani, na mama wa kupika na kufua, na baba fundi seremala, na majirani waliomwona kijana wa kawaida tu. Huwa tunaambiwa alikuwa anajiandaa. Mimi siamini kuwa yalikuwa maandalizi tu. Alikuja kukaa nasi, na pale Nazareti alikuwa tayari anakaa nasi.

Papa Paulo VI alipofika huko tarehe 5 Januari 1964 alitaja mambo matatu ya kujifunza mahali pale: ukimya, maisha ya familia na kazi. Na kabla yake Charles de Foucauld, aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi la Ufaransa, alikwenda Nazareti mwaka 1897 akawa mtumishi wa masista Waklara, wa kutumwa huku na kule, apate kuwa karibu na Yesu. Mwaka 2022 alitangazwa mtakatifu. Kazi aliyoifuata mbali hivyo, wengi wetu tunaamka nayo kila asubuhi.

Sisemi kwamba kila siku ni tamu. Kuna usiku mama mkwe ananiita tena na tena nimgeuze, mgongo unauma, na sala inayonitoka ni "Bwana, nipe nguvu" basi. Sisikii faraja yoyote. Naamini yupo hata hapo, tena hapo ndipo imani inapofanya kazi kweli kweli, kwa sababu watoto wakiwa wanacheka jikoni kumwona Mungu si kazi.

Na yupo baba watoto. Kwenye jumuiya, tunapokutana kusali na majirani, hasemi. Zamu ya maombi ikimfikia, anainamisha kichwa mpaka wa pembeni yake aanze. Lakini Jumapili jioni huwasha pasi ya mkaa, hupuliza jivu, hunyunyiza maji kwa vidole, akanyoosha sare za watoto wote, kola kwanza, na akimaliza sare ananyoosha kanga za mama yake. Jumuiya wameniuliza kwa nini simhimizi naye asali. Nimewaambia waje Jumapili jioni.