Maksi 4 kwa 10 kwenye mjadala wa darasa la mtandaoni: nilivyojinasua

Wiki tatu mfululizo nilipata 4 kwa 10 kwenye mjadala wa somo la historia ya elimu, na maoni ya mhadhiri yalikuwa yale yale: "Umefupisha tu." Nikaandika kwa urefu zaidi, hola. Nikajaza nukuu, nikashuka hadi 3. Wenzangu nao nilikuwa nawajibu "Nakubaliana nawe, hoja nzuri," basi.

Kilichonitoa ni penseli. Wiki ya nne tulipewa kijitabu cha Elimu ya Kujitegemea, alichokiandika Nyerere mwaka 1967. Safari hii sikuanza kwa kufungua ukurasa wa mjadala. Nilisoma penseli mkononi, nikapigia mstari hoja moja tu, ile iliyonikera: kwamba umri wa kuanza shule upandishwe, maana anayeanza na miaka 5 au 6 anamaliza la saba akiwa bado mdogo mno kuwa raia wa kutegemewa. Pembeni nikaandika namba ya ukurasa na swali: je, leo anayemaliza la saba anategemewa na nani? Jibu langu lote likasimama juu ya swali hilo, nikamtolea mfano mdogo wangu, aliyemaliza mwaka jana na sasa anauza vocha stendi.

Kwa wenzangu, nilinakili kwanza maneno yao matano au sita, ndipo nikauliza. Mmoja alinijibu usiku ule ule, tukabishana mpaka saa sita.

Nikapata 9. Namba ya ukurasa msiiache. Mhadhiri aliisifia hiyo kabla ya kitu kingine chochote.