Mgongo wa kijana wangu ulipinda kwa sababu ya mapaja

Kila jioni hapa Kadutu nilikuwa nikimwambia kijana wangu wa miaka 11, "Papa, nyoosha mgongo!" Ananyoosha, dakika mbili, anapinda tena kama upinde. Nililaumu begi la vitabu, nikalaumu dawati. Nilimgombeza bure, na hilo bado linaniuma.

Mtaalamu wa viungo mmoja hapa Bukavu alimlaza chali, akamwinua mguu ukiwa umenyooka. Haukufika hata nusu ya njia. Goti likakunjika lenyewe. Misuli ya nyuma ya paja ni mitatu, akanieleza, nayo imeshikamana juu na mfupa tunaoukalia na chini ya goti. Ikikaza, inauvuta mfupa wa nyonga kwa nyuma, kiuno kinapoteza mbonyeo wake, na mtoto akikaa anainama tu. Kumbe alikuwa akishindana na miguu yake!

Tukaanza nyumbani. Analala chali mlangoni, mguu mmoja umeegemezwa kwenye fremu ya mlango, mwingine umenyooka sakafuni. Sekunde 30, mara tatu kila upande, bila kurusharusha mguu, na baada ya kutembea kidogo ili misuli ipate joto. Avutike, asiumie, maumivu yakishuka hadi unyayoni au mguu ukifa ganzi, acheni na mwoneni daktari. Akifanya kazi za shule, kila nusu saa anasimama.

Wiki ya sita mguu ulipanda karibu wima. Sasa anakaa wima bila mimi kusema neno.