Jiko Lilipohamia Sakafuni

Wiki tatu nzima za Oktoba, kwenye darasa la sherehe ya chai ya Kijapani huko Kyoto, nilizimalizia kwenye furo, jiko la mkaa linalokaa juu ya tatami, mikeka minene ya sakafuni. Novemba ilipoingia nikakuta jiko halipo. Kipande cha tatami kimefunuliwa, na chini yake kuna ro, shimo la mraba la sentimita 42 hivi kila upande, chungu cha chuma kikitokota humo. Furo ni ya Mei hadi Oktoba. Ro ni ya Novemba hadi Aprili, ili wakati wa baridi moto umsogelee mgeni. Ningeambiwa mapema ningekata tiketi ya mwezi mwingine.

Kwenye furo kuna namna tatu za kulaza upawa wa mwanzi mdomoni mwa chungu, na nilikuwa nimezihangaikia wiki nzima. Kwenye ro hazitumiki. Upawa wenyewe ni mwingine, kikombe chake kikubwa zaidi. Mwandaaji naye hakai kuelekea mbele tena, anakaa mshazari akilenga pembe ya shimo. Hata uvumba hubadilika: vipande vya msandali huacha nafasi kwa vidonge vilivyokandwa.

Kilichobaki vilevile ni bakuli. Unga wa matcha, chai ya kijani iliyosagwa, gramu 2, yaani vijiko viwili vya mwanzi, na maji mililita 70 hivi ya nyuzi 80. Unga usipochekechwa hufanya madonge ambayo mkono hauyamalizi. Chasen, kipigio cha mwanzi, huloweshwa kwanza kwa maji ya moto. Kikiwa kikavu vimeno hukatika na kuelea kwenye chai. Kilichochongwa kwa mkono Takayama, mkoani Nara, ni yeni elfu kadhaa, na soksi nyeupe, kitambaa cha hariri na kipepeo cha kukunja vyote unanunua mwenyewe juu ya ada.

Mkono uliozoea kukoroga uji huzungusha, na hapo ndipo povu hufia. Kifundo kiende mbele na nyuma, haraka, bila kukwaruza chini. Mwisho chasen ipandishwe juu kuvunja mapovu makubwa, ichore duara moja na kutolewa katikati.

Kitamu huliwa chote kabla ya chai. Kwetu barazani kashata na kahawa chungu hupokezana, na hakuna anayekuhesabia. Kikao nacho si kigeni kwa aliyezoea tahiyatu, ila tahiyatu ina salamu, ukatoa ukainuka. Huku dakika ya ishirini miguu si yako, na bado bakuli halijasuuzwa.

Bakuli la tatu povu lilikaa, laini, bila tundu. Nikalisogeza kwa mgeni. Mwalimu akaligusa kwa kidole: ua lililochorwa upande wa mbele lilikuwa bado linanitazama mimi.