Noti ya E Iliyokuwa Ikipotea Njiani

Kwa muda mrefu, kila nilipokanyaga pedali ya ovadraivu, ile inayoikuza sauti hadi ikwaruze, katikati ya mazoezi na wenzangu, noti za chini kabisa za besi yangu zilitoweka. Niliupiga uzi wa E na kuuhisi mtikisiko wake shingoni mwa gitaa, lakini spika ilitoa mkwaruzo mwembamba tu, na dramu kubwa ikabaki inapiga peke yake. Kilichonitatiza zaidi ni kwamba pedali hiyohiyo ilinipendeza sana nilipofanya mazoezi peke yangu, kwa sababu pasipo ala nyingine sikio halidai uzito mwingi ili liridhike. Nilitamani kununua pedali mpya, kisha nikaamua kwanza kuifuata sauti hatua kwa hatua, kutoka kwenye uzi hadi kwenye amplifaya, nikiwa na multimita, bisibisi na chuma cha kulehemu, ili nijue hasa inapotelea wapi.

Uzi wa E wa besi, ukipigwa bila kubanwa, hutikisika mara 41.2 kwa sekunde, yaani hezi 41.2. Uzi wa A ni hezi 55, wa D ni 73.4 na wa G ni 98. Gitaa la kawaida, kwa upande wake, huanzia hezi 82.4, oktava moja nzima juu yetu. Pedali nyingi zilibuniwa kwa ajili ya gitaa, na mbunifu wake hakuwa na sababu ya kuyatunza mawimbi yaliyo chini ya hapo. Mara nyingi aliyapunguza kwa makusudi, kwa kuwa katika gitaa huleta uzito usiotakiwa. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya kile tunachokitambua kuwa ni noti ya E hutokana na mawimbi yanayofuata, ya hezi 82, 124 na kuendelea, na ndiyo maana hata spika ndogo huweza kutuaminisha kwamba tumesikia noti hiyo. Lakini ukipunguza kila kitu kati ya hezi 40 na 200, noti hubaki na jina lake tu bila mwili.

Nilianza na gitaa lenyewe. Besi yangu ina pikapu mbili, yaani vinasa vya sumaku vinavyogeuza mtikisiko wa nyuzi kuwa umeme, za koili moja moja, kwa mtindo ambao Fender ilianza kuuza mwaka 1960 kwa jina la Jazz Bass. Pikapu ya namna hiyo ikiwa peke yake hudaka mvumo wa umeme. Katika besi yangu koili na sumaku za pikapu moja zimegeuzwa kinyume na za nyingine, kwa hiyo vitasa viwili vya sauti, vile vya kuzungushwa kwa vidole, vikiwa sawa, mvumo wa moja huufuta wa nyingine. Mimi napenda pikapu ya karibu na daraja iwe juu kuliko mwenzake, na kila nilipoipunguza ile ya shingoni, mvumo ulirudi. Nikafungua gitaa, nikapanga foili ya shaba ndani ya shimo lote la vitasa na la pikapu, vipande vikilaliana kwa milimita chache, kisha nikapima kati ya kipande na kipande hadi kila mahali pakaonyesha ukinzani unaokaribia sufuri. Foili yote niliiunganisha na ethi, yaani upande wa sufuri wa saketi, kwa waya mmoja, na nilihakikisha haigusi ncha ya jeki inayobeba sauti, kwa maana hapo ingekuwa shoti na gitaa lingenyamaza kabisa.

Kazi hiyo ilinifundisha kwamba kelele ni za aina mbili. Ile ya mchirizo mkali, ambayo hupungua mtu akigusa nyuzi, ilikwisha karibu yote. Ile ya mvumo mzito, ambayo huongezeka na kupungua mtu akigeuka upande mwingine akiwa amesimama palepale, ilibaki vilevile, kwa sababu hutoka kwenye sumaku ya transfoma na nyaya za umeme, na foili nyembamba ya shaba haina uwezo wa kuizuia. Anayetaka kuiondoa hiyo hana budi kubadilisha pikapu, achukue zenye koili mbili zinazofutana. Ninalisema hili kwa mkazo kwa kuwa nimeona watu wakibandika foili tabaka juu ya tabaka wakitafuta kimya ambacho foili haiwezi kuwapa.

Nilipokuwa nimeshafungua gitaa, niliangalia na vitasa vyenyewe. Vilikuwa vitatu, viwili vya sauti na kimoja cha toni, kila kimoja cha ukinzani wa kiloohmu 250, na kimoja kilikuwa kinakwaruza kikizungushwa. Nikavibadilisha vyote, lakini nilibaki na thamani ileile. Kuna wanaoshauri kuweka vya kiloohmu 500, na hoja yao ina msingi: vitasa vitatu vya 250 vikiwa vimefunguliwa vyote, pikapu huona mzigo wa takriban kiloohmu 83 katika mawimbi ya juu, na kwa vya 500 mzigo huo huwa karibu 167, hivyo sauti hung'aa zaidi. Hata hivyo, huko ni kuongeza mwanga wa juu. Sauti nzito haiguswi na badiliko hilo, na mtu anayelalamikia upungufu wa uzito atakuwa amelehemu bure. Kebo nayo ni vivyo hivyo: hubeba takriban pikofaradi 100 kwa kila mita, na ikiwa ndefu hula mawimbi ya juu, si ya chini. Kwa hiyo gitaa na kebo havikuwa na hatia.

Mkosaji alikuwa pedali. Ilikuwa ya ovadraivu iliyojengwa kwa mpango uleule wa Tube Screamer ya Ibanez, ambao umenakiliwa mara nyingi mno. Katika sehemu inayokata vilele vya mawimbi, pana rezista, yaani kizuizi cha umeme, ya kiloohmu 4.7, na kapasita, ambayo hupitisha mawimbi ya juu kwa urahisi kuliko ya chini, ya nanofaradi 47, zinazoelekea ethi, na mbili hizo kwa pamoja huweka mpaka kwenye hezi 720. Mawimbi yaliyo juu ya mpaka huo hukuzwa kikamilifu hadi dayodi, vipande vinavyokata wimbi likizidi kiwango fulani, ziyakate. Yaliyo chini yake hukuzwa kidogo kidogo kadiri yanavyoshuka, hadi yale ya chini kabisa yanapita karibu jinsi yalivyoingia. Noti yangu ya E, basi, haikuwa imefutwa. Ilikuwa imeachwa nyuma wakati mawimbi mengine yote yakipandishwa mara kadhaa, na nilipopunguza kitasa cha sauti ili pedali ilingane na wenzangu, nikawa naishusha noti hiyo zaidi.

Kanuni ya kupata mpaka ni rahisi, na kila mwenye pedali angefaidika akiijua: gawanya 1 kwa zao la 2, pai, ukinzani kwa ohmu na uwezo wa kapasita kwa faradi. Kapasita ya nanofaradi 470 mahali pa ile ya 47 ingeushusha mpaka hadi hezi 72. Niliiweka, na sauti nzito ikarudi kwa wingi, lakini ikaja ikiwa imevurugika, kwa sababu sasa mawimbi makubwa ya chini yalikuwa yanazigonga dayodi kwanza na kuburuza kila kilichopanda juu yake. Ukipiga noti mbili kwa pamoja, husikii noti, unasikia ngurumo. Nikaitoa na kuweka ya nanofaradi 220, ambayo mpaka wake ni hezi 154, na hapo nikapata ovadraivu yenye kifua lakini inayosema maneno. Sehemu hiyo ya kazi ilinichukua muda mfupi, maana ni kapasita moja tu. Kilichohitaji subira ni kuiondoa ya zamani bila kuung'oa mstari wa shaba kwenye bodi, kwa kupasha moto miguu yake mmoja mmoja na kuinyonya risasi yote kabla ya kuvuta.

Hata hivyo, nimeamini kwamba njia bora kwa besi ni kutoitegemea ovadraivu kubeba sauti nzito. Gawanya sauti mara mbili, njia moja ipite kwenye pedali na nyingine ipite kando ikiwa safi, kisha uzichanganye mbele kwa kitasa kimoja. Pedali nyingi zinazotengenezwa mahususi kwa ajili ya besi huwa na kitasa hicho. Mimi nilikijenga mwenyewe katika kisanduku kidogo cha alumini, kwa chipu moja yenye opampu mbili, yaani vikuzaji vidogo vya mawimbi, nikiwa na nia ya kukitumia pamoja na pedali ya fazi, yaani ya mkwaruzo mkali kuliko wa ovadraivu, ya transista moja niliyokuwa nimeijenga zamani.

Nilipoviunganisha, tatizo lilirudi kwa ukali kuliko mwanzo. Kitasa kikiwa upande wa sauti safi, besi ilikuwa kamili. Kikiwa upande wa fazi, ilinguruma vizuri. Kikiwa katikati, noti ya E ilikauka kama kisima. Nilikagua kila kiungo nilicholehemu nikidhani pana mahali pameshikana vibaya. Baadaye ndipo nilipokumbuka kwamba transista iliyounganishwa kwa namna ile huyapindua mawimbi: linapopanda wimbi linaloingia, linalotoka hushuka. Kwa hiyo njia safi ilikuwa inasukuma na njia ya fazi inavuta, na mahali zinapofanana zaidi, yaani kwenye mawimbi mazito, zilikuwa zinafutana. Mkwaruzo wa juu haukufutika kwa kuwa katika njia safi haukuwa na mwenzake.

Dawa yake ilikuwa opampu moja zaidi, iliyofungwa kwa rezista mbili za kiloohmu 10 zinazolingana, ambayo huyapindua mawimbi tena bila kuyakuza wala kuyapunguza. Niliiweka katika njia ya fazi, baada ya pedali na kabla ya kitasa cha kuchanganya. Mara hii nilipokifikisha kitasa katikati, sauti ilijaa chumba, na kioo cha dirisha kikatetemeka kwenye noti ya F iliyo freti ya kwanza. Tangu siku hiyo, kila ninapochanganya njia mbili za besi, hata kama moja ni kipaza sauti mbele ya spika na nyingine ni kebo ya moja kwa moja, jambo la kwanza ninalojaribu ni kuipindua njia moja na kusikiliza ni upande upi wenye uzito.

Mpangilio wa ubao wangu wa pedali umebaki mfupi. Inatangulia pedali ya kupatanisha nyuzi, kisha ya oktava, maana hiyo inahitaji noti safi ili iifuate bila kutetereka, kisha ya kubana sauti, ile inayopunguza noti zinazozidi nguvu na kuziachia tena, kisha kisanduku changu pamoja na fazi, na mwisho ile ovadraivu ya kapasita ya 220. Katika pedali ya kubana sauti nilijifunza kutoiachia haraka mno: wimbi moja la E huchukua milisekunde 24, na pedali inayoachia ndani ya muda huo hulifuata wimbi lenyewe badala ya kuifuata noti, ikalikunja. Naiweka milisekunde 100 au zaidi. Umeme ni wa volti 9, ncha ya katikati ikiwa hasi, na kila pedali ina tundu lake lililotengwa na mengine. Pedali yangu ya kidijitali ilipochangia waya mmoja na fazi, mluzi mwembamba uliingia kwenye sauti kila nilipoacha kupiga.

Ndani ya kifuniko cha kila pedali niliyoigusa nimebandika kipande cha karatasi chenye thamani ya zamani, thamani mpya na mwaka. Kwenye kisanduku cha kuchanganya nimeongeza neno moja kwa kalamu nyekundu, kando ya opampu ya tatu: inapindua.