Mkeka Chini ya Mbuyu, Mlangoni mwa Kilindini

Basi la kutoka Tanga lilitushusha Likoni saa tisa alasiri. Horohoro tulipita bila matata, Lungalunga wakagonga mihuri yao, kisha nikalala fofofo mpaka Ukunda, kwa hiyo msiniulize habari za minazi ya Kwale. Kivukoni kila abiria hushuka. Gari hupanda kivyake, watu kwa miguu yao, bure, hakuna tikiti. Nikamuuliza kijana mmoja mwenye mkokoteni wa madumu pantoni inayofuata itakuja saa ngapi. Akanitazama. "Feri, ndugu yangu. Pantoni iko kwenu." Haya, feri.

Nilisimama ubavu wa kulia, na hapo ndipo nilipoiona bustani kabla ya kuikanyaga. Upande ule kisiwa cha Mombasa hukatikia kwenye jabali la matumbawe, na juu ya jabali mibuyu imesimama minene kama mitungi iliyosahauliwa uani.

Shangazi alikuwa akinisubiri ng'ambo, buibui limepeperuka, mkeka kwapani. Nikadhani tunakwenda kwake Kibokoni nikaoge. "Nyumbani joto," akasema. "Ndoo twende Mama Ngina kwanza, mwanangu. Kibokoni haikimbii."

Kutoka kivukoni mpaka bustanini ni mwendo mfupi tu wa miguu, bahari ikiwa mkono wa kulia. Jina rasmi ni Mama Ngina Waterfront, ila sikumsikia mtu akilitamka zima. Wengi husema Mama Ngina basi, na wengine Laitihausi, kwa ajili ya mnara wa taa ulioko Ras Serani. Enzi za mkoloni barabara hii ilikuwa Azania Drive, na baada ya uhuru ikapewa jina la mke wa Mzee Jomo Kenyatta. Mgeni huweza kudhani maji yaliyo mbele yake ni mto mpana: ng'ambo ya Likoni iko pale pale, unaona hata rangi za nguo za watu. Lakini ni mkono wa bahari, na kina chake kimo ndani ya jina lake. Kilindi ni pale maji yanapozama sana, na kwa kina hicho bandari kuu ya Kenya iko Kilindini, ilhali majahazi yalibaki na bandari yao ya kale upande wa pili wa kisiwa.

Sura ya sasa ya bustani ni ya mwaka 2019. Serikali ilitumia kama shilingi milioni 460 kwenye ekari 26 hivi: njia za kutembea, mabenchi, vibanda vya wachuuzi, milango mikubwa ya mtindo wa Kiswahili na uwanja wa ngazi wa maonyesho. Tarehe 20 Oktoba mwaka huo sherehe za Mashujaa za taifa zima zikafanyiwa hapa. Sina ugomvi na usafi wake. Lakini ule uwanja wa ngazi, saa tisa unusu, jua la Mombasa limeshaingia ndani ya saruji, haukaliki. Nilijaribu nikaruka. Shangazi hakuugeukia hata mara moja. Alikwenda moja kwa moja kwenye mbuyu wa tatu, akatandika mkeka pale anapotandika, asema, tangu msichana.

Na mibuyu ndiyo wenyeji hasa wa mahali hapa. Kabla ya lami palikuwa na mji. Wareno kwenye ramani zao waliuandika Tuaca, na upande huu wa kisiwa ndiko walikotoka Wakilindini, mojawapo ya yale makundi matatu ya Waswahili wa Mombasa yaitwayo Thelatha Taifa, pamoja na Wachangamwe na Watangana. Baadaye walihamia upande wa Mji wa Kale, karibu na Fort Jesus, wakaungana na Tisa Taifa, yale makundi mengine tisa, kuufanya Mombasa kuwa mji wa mataifa kumi na mawili. Huku walikohama pakaota kimya. Ningependa kuyasoma haya pale pale, kwenye kibao kikubwa kilichoandikwa Kiswahili, mbele ya mibuyu yenyewe. Mji mzima uko chini ya viatu vyetu, nasi tunapiga picha za milango.

Njaa ikanishika. Muuza mihogo alikuwa na jiko la makaa hatua chache kutoka kwetu. Alichukua kipande kilichoungua maganda, akakikwangua kwa kisu mpaka kikawa cha dhahabu, akakipasua katikati bila kukitenganisha. Kisha akachovya nusu ya ndimu kwenye sahani ya chumvi na pilipili ya unga, akaisugua ndani ya ule mpasuko huku akiikamua, maji ya ndimu yakichemka kidogo kwa moto wa muhogo. Nilikula nikatokwa na machozi, nikaagiza cha pili. Shangazi yeye alinunua mabuyu, yale mekundu ya sukari na iliki. Kwetu ni ubuyu, nikamwambia. Akasema ndiyo maana kwetu hayana ladha.

Karibu na magharibi watu walijaa: kina mama na majamvi yao, watoto na mipira, vijana wanaoshuka jabalini kujirusha majini. Ndipo meli ya makontena ikatokea kushoto, kutoka baharini, tagi, zile boti za kuvuta meli, zikiichunga kama mbuzi mkaidi. Ilipita karibu mno. Kelele zote zilififia, watoto wakasimama na mpira mikononi, na kwa dakika kadhaa Likoni yote ikapotea nyuma ya ukuta wa chuma. Feri mbili zilingoja kando kwa adabu.

Adhana ilipoanza Shangazi akaukunja mkeka haraka haraka. Chini ya mbuyu hakukaliwi magharibi, wenyewe wanarudi. Mimi nilitazama juu. Maua ya mbuyu hufunguka giza likiingia, meupe, yakining'inia kichwa chini, nayo huchavushwa na popo. Moja lilikuwa limeanza kufunguka. Nikamwambia, Shangazi, hebu tazama, hao wenyewe ni popo.

"Popo wako hao," akasema, tayari yuko barabarani, ulimi mwekundu kwa mabuyu, mkono juu kusimamisha tuktuk. Dereva akataja bei.

"Kibokoni, baba! Kwani nimekwambia twenda Malindi?"